Khofu ya Kijana na Wajibu wa Baba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi Waislamu, amana si mali peke yake. Mwana naye ni amana, na moyo wake ni katika amana hiyo. Baba ataulizwa alivyomlisha mwanawe, na ataulizwa vile vile alivyomtendea siku aliposhikwa na khofu.

Itazameni Chiwata, katika wilaya ya Masasi, juu ya uwanda wa Wamakonde, nchi ambayo Uislamu uliipandia kutoka pwani ya Lindi na Mikindani. Oktoba minada ya korosho huanza, na Novemba wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wao. Basi katika nyumba moja baba hungoja bei, na mwana hungoja maswali. Mwaka 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnadani, hata serikali ikainunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakakaa muda mrefu wakingoja fedha zao. Katika msimu kama ule wazee hunong'onezana usiku juu ya madeni, na mtoto aliyelala chumba cha pili husikia.

Kijana wa miaka 15 akilemewa na mambo hayo, moyo humwenda mbio, viganja hutoka jasho, tumbo humsokota, usingizi humpaa. Huyo hajifanyi. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ujiweke tayari kuikimbia hatari. Na nafsi ikiona hatari pasipo na simba, mwili hujiweke tayari vile vile. Lakini baba humwambia, "Wewe umekwisha kutoka jandoni, mwanamume haogopi." Ama husikia neno wasiwasi, akadhani kuwa ni Shetani tu, au jini, au upungufu wa imani.

Kudhani hivyo ni kosa. Wasiwasi wa Shetani ni jambo moja, na dhiki ya moyo kwa jambo lijalo, ambayo Waarabu huiita hamm, ni jambo jingine. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume tangu utoto wake, amepokea kwamba Mtume alikuwa akijikinga kwa Mola wake na dhiki hiyo katika dua zake. Na Nabii Musa aliona khofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni. Basi khofu si ukafiri, wala si ukosefu wa uume.

Na mtu akiuliza, "Baba afanye nini?" hujibiwa: Na atazame yaliyotendeka katika nyumba ya Bibi Khadija, Mungu amuwie radhi, siku Mtume aliporejea kutoka pango la Hira akitetemeka. Yalitendeka mambo matatu, kila moja kwa zamu yake.

La kwanza, alifunikwa mpaka khofu ikamtoka. Hakukemewa, wala hakuhojiwa angali akitetemeka. Basi baba na akae karibu na mwanawe, amwambie avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, atawadhe kwa maji baridi, kisha amsikilize hata mwisho wa maneno yake.

La pili, Bibi Khadija alimtajia mema yake: kuunga jamaa, kumbebea mnyonge mzigo wake, kumkirimu mgeni, akamhakikishia kwamba Mola wake hatamfedhehi. Hakumsifu kwa uongo, alitaja aliyoyajua. Na wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamefundisha kanuni kubwa, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kijana asemaye, "Nitaanguka mtihani, nitadharauliwa," hiyo ni shaka yake. Yakini yake ni masomo aliyokwisha kuyasoma, na baba asiyemtupa. Basi baba na alitamke neno hili waziwazi: "Ufaulu usifaulu, wewe ni mwanangu." Halina gharama neno hili, na wana wengi hawajalisikia.

La tatu, alimpeleka kwa mwenye ujuzi, Waraka bin Naufal. Basi khofu ikidumu kwa majuma, kijana akaacha kula, au kulala, au kwenda shule, apelekwe kwa daktari, kama vile katika hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, au ile ya Ndanda. Kisomo na dua vina baraka, wala havizuii tiba, kwani Mtume mwenyewe aliamrisha watu wajitibu. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akaihesabu khofu katika maradhi ya nafsi yenye tiba. Na kijana akinena kwamba ni afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja, wala isingojwe kesho.

Enyi baba, fimbo haiitoi khofu; huifukia tu, nayo huoza ndani. Mwana aliyefichuliwa siri yake akachekwa, hatafichua ya pili. Na aliyesikilizwa leo atarudi kwa baba yake kesho, kwa dogo na kwa kubwa.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo za vijana wetu, na azilainishe nyoyo za baba zao. Amin.