Amri ya Tano na Vumbi la Amianti
Amri ya Tano yatukataza kuua. Je, huvunjwa pia kwa kunyamaza? Tazameni fundi wa Kolwezi aagizwaye kubomoa paa kuukuu la simenti iliyochanganywa na amianti, yaani nyuzi za jiwe. Vumbi lake lisiloonekana huingia mapafuni, nalo laweza kuleta kansa baada ya miaka 20, hata 40. Bwana wa kazi ajuaye hayo, akanyamaza, husema: «Nimemlipa ujira wake.» Lakini ujira ni malipo ya kazi, si bei ya uhai. Mauti yakikawia, dhambi haipungui. Basi amwonye fundi, aloweshe mabamba kwa maji, ampe kinyago cha kuchuja vumbi. Naye fundi asiwapelekee watoto vumbi hilo nguoni mwake.