Lango la Shule na Wajibu wa Mlezi

Majimbo yote ya Marekani yanamlazimisha mzazi kumsomesha mtoto wake. Akizembea ataitwa, ataonywa, na huenda akaburutwa mahakamani. Wajibu huo hauangalii vibali vya kuishi nchini. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyoanzia Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtoto asiye na hati asinyimwe shule ya umma ya bure. Kwa hiyo mama aliyeingia nchini humo kinyemela anatakiwa na sheria kuhakikisha mwanawe yuko shuleni kila siku ya masomo, na kwa wengi maana yake ni kufika langoni saa ileile, kwa njia ileile. Je, ni haki serikali imvizie hapohapo?

Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba si haki, ingawa makubaliano hayo yalikuwa ya waraka tu. Oktoba 2011, ICE, idara inayowakamata na kuwafukuza wahamiaji, iliwaagiza maafisa wake wajiepushe na shule, hospitali, nyumba za ibada, mazishi na harusi. Oktoba 2021, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Alejandro Mayorkas, akaongeza viwanja vya kuchezea watoto na vituo vya mabasi ya shule. Kilichoandikwa kwa waraka hufutwa kwa waraka. Januari 2025 serikali mpya iliufuta mara tu ilipoingia madarakani, ikisema wahalifu wasipate pa kujificha shuleni na makanisani, na kwamba maafisa watumie busara zao.

Hoja hiyo haina uzito. Waraka uliofutwa uliruhusu kuingia popote palipokuwa na hatari kwa maisha ya watu, au mtu hatari akikimbizwa. Ulichozuia ni kuigeuza zahanati kuwa mtego. Na tusijifanye huku kwetu Afrika Mashariki tuna wema zaidi: katika msako wa polisi dhidi ya wakimbizi na wahamiaji mtaani Eastleigh, Nairobi, Aprili 2014, watu walisombwa hadi uwanja wa Kasarani, na wapo watoto waliobaki bila wazazi wao.

Mlezi afanye nini wakati wakubwa wakibishana? Aanze na fomu ya dharura ya shule, ile yenye majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Siku za amani huijaza upesi, akaandika jina la jirani bila hata kumwambia. Sasa mstari ule ni mzito. Baba akikamatwa saa tatu asubuhi na masomo yakiisha saa tisa alasiri, shule itamtafuta aliyeandikwa pale, na asipopatikana suala linaweza kuishia kwa maafisa wa ustawi wa watoto. Basi aandikwe mtu aliyekubali, ambaye hati zake hazina shaka, anayejua dawa ya pumu inakaa wapi na mtoto huogopa nini usiku. California ina fomu ya kiapo inayomwezesha ndugu anayeishi na mtoto kumwandikisha shule na kuidhinisha matibabu yake. Ile ya shule ijazwe sasa, wakati kila mtu ametulia.

Kuhusu kumwambia mtoto, mimi naona wa miaka sita anatosheka kujua kwamba mama akichelewa, mama mdogo atakuja kumchukua. Asibebeshwe habari za mahakama. Wala asifundishwe kumdanganya mwalimu. Anaweza kufundishwa kwamba mambo ya hati ni ya wakubwa, na kunyamaza si uongo.

Shule nayo ni mlezi, na ina lake la kujua. Hati ya kukamata iliyotiwa saini na afisa wa uhamiaji si sawa na amri ya jaji. Ya kwanza peke yake haimpi afisa ruhusa ya kuingia darasani, kwa hiyo anayekaa mapokezi hana budi kusoma saini kabla ya kufungua mlango. Aprili 2025 maafisa walifika katika shule mbili za msingi Los Angeles wakitaka kuwaona wanafunzi, na uongozi wa shule ukawarudisha. Septemba mwaka huohuo California ikaweka sheria kwamba bila amri ya jaji shule isiwaruhusu kuingia sehemu zake zisizo wazi kwa umma.

Sheria hiyo inaishia langoni. Nje kuna barabara, na hofu ya msako hukaa hata kwa Wakongomani wa Kentucky na Texas waliopokelewa kihalali kama wakimbizi. Chicago, majira ya vuli ya 2025, wakazi walijipanga kwa zamu kuwasindikiza watoto wa majirani hadi shule, filimbi za tahadhari shingoni, wazazi wakibaki ndani. Mzazi aliye katika hali hiyo asione haya kuomba mtu wa kumpelekea mtoto, wala jirani mwenye uraia asingoje kuombwa.