Enyi Wapenda Ufunguzi

Enyi watu wa Tibirinzi, na nyinyi wa Chake nzima, sikilizeni. Pemba haijapata kuwa na reli, lakini msiseme habari za reli za Unguja hazituhusu. Ugonjwa wenyewe, wa kuviacha vilivyojengwa vife, ulishavuka bahari zamani.

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitandika reli kutoka mjini Unguja hadi kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalikokotwa kwanza na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ya moshi. Mwaka 1888 Barghash akafa, na reli ikafa naye. Waliorithi kiti hawakurithi kazi.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikaleta gari la moshi jingine, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kiasi cha maili 7. Lilipita mitaani likikaribia kugusa vibaraza, likitema cheche. Serikali ikalinunua 1911. Barabara na motokari zikaja, na 1922 likaacha kuchukua abiria. Likabakia kubeba mawe ya bandari, kisha likanyamaza. Siilaumu motokari, chombo hushindwa na chombo. Lakini mwulizeni leo kijana anayeshuka Bububu, stesheni ilikuwa wapi? Atakuonyesheni kituo cha daladala.

Ole wenu mnaofurika siku ya ufunguzi! Utepe ukikatwa mnapiga makofi na vigelegele, mnagombania sahani ya pilau. Miezi michache haijapita, koki ya bomba la mtaa inavuja, nanyi mnaliruka dimbwi. Mnyororo wa bembea ya watoto unalika kutu, mnasema, "Cha serikali hicho." Usiku mwenzenu anaukata akauze chuma chakavu. Mnamjua kwa jina lake na la baba yake, na asubuhi mnaitikia salamu yake kama kawaida! Na nyinyi wakubwa, mnaiacha kazi ya aliyekutangulieni iote majani, kwa kuwa jiwe la msingi limeandikwa jina la mwingine. Mnatafuta kiwanja kipya, jiwe jipya, utepe mpya.

Watoto wenu watakuulizeni vitu vyao vilikwenda wapi. Mtajibu nini? Kwamba havikuwa na mwenyewe?

Basi acheni kungoja sherehe. Ikazeni koki hiyo leo, kabla ya Magharibi. Na huyo mwizi wa mnyororo mwambieni wazi, mbele ya watu, kwamba mnamjua.