Je, Umeme wa Mama ni Sadaka ya Mwana?

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kijana mmoja anayehudhuria darsa yangu baada ya Alasiri hapa Karatu alinijia na swali ambalo nililijibu haraka mno. Kijana huyu ni fundi wa simu. Alikuwa amejiundia kompyuta kwa mikono yake: kasha kuukuu lililotupwa na ofisi iliyobadilisha mashine zake, prosesa na diski za mtumba kutoka Arusha, na feni aliyoifunga kwa waya. Usiku yeye hulala, kompyuta hailali. Aliiwekea programu iitwayo Rosetta@home, ya Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, Marekani. Programu hiyo hupokea kipande cha hesabu kupitia intaneti, hukifanyia kazi kwa saa kadhaa, kisha hurudisha jibu. Hesabu zenyewe ni za maumbo ya protini, na mwaka ule zilikuwemo za kirusi cha korona. Hakuna malipo. Akaniuliza: "Ustadh, hii ni sadaka?" Nikamwambia ndiyo, bila shaka, maadamu nia ni njema.

Siku chache baadaye mama yake alinisimamisha njiani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Ustadh, eti umemwambia mwanangu kwamba umeme wangu ni sadaka yake?"

Sikuwa na jibu. Mama yule ni mjane, anauza juisi na barafu kwa friji iliyopo sebuleni. LUKU aliyozoea kununua mara moja kwa mwezi ilikuwa ikiisha kabla ya tarehe ishirini, na kwa muda alidhani friji imeharibika. Alikwishamlipa fundi aje kuitazama.

Ndugu msomaji, huenda hili likaonekana jambo dogo la nyumba moja. Lakini swali lililomo ndani yake ni kubwa: ziada ya mali ni ya nani, na ni nani anayeweza kusema kuwa hii ni ziada?

Wazo la kukusanya nguvu za kompyuta za majumbani si geni. Tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilizindua SETI@home, ambapo mamilioni ya watu waliruhusu mashine zao kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wenye akili. Iliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020 bila kumpata yeyote. Kama kutafuta huko ni elimu au ni upuuzi, hilo nawaachia wengine, ingawa anayesoma kila siku kuwa Allah (s.w.) ni Mola wa walimwengu wote hapaswi kulicheka haraka.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa malaria. Mwaka 2006 ulitangazwa mradi uitwao MalariaControl.net, kazi ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa Basel pamoja na kituo cha utafiti cha CERN cha Geneva. Taasisi hiyo ya Basel ina uhusiano na Ifakara tangu miaka ya 1950, na takwimu za mbu na homa kutoka vijiji vya bonde la Kilombero zimetumika katika mahesabu yake. Kompyuta iliundiwa kijiji cha kufikirika chenye watu, mbu na vimelea, kisha ikaulizwa: tukigawa vyandarua itakuwaje? Tukitoa chanjo itakuwaje? Jibu moja linahitaji kurudiwa mara nyingi sana. Katika majaribio ya awali, kompyuta mia kadhaa za watu wa kawaida zilifanya kwa miezi michache kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa takriban miaka 150.

Hapa Karatu mjini tupo juu, kwenye baridi na kahawa, lakini ukishuka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, mbu hawahitaji kutafutwa kwa kompyuta. Nilipousoma mradi ule nilijisikia vibaya kidogo. Watoto wanaougua ni wetu, takwimu zimetoka kwetu, ilhali mashine zilizokesha zikihesabu nyingi zilikuwa Ulaya na Marekani, kwa watu ambao pengine hawajawahi kuumwa na mbu wa Kilombero. Ndiyo maana nilipomwona kijana wa Karatu akikesha na mashine yake, furaha ilinitangulia kabla ya fikra.

Na dalili za kumuunga mkono zipo. Sura ya 107, Al-Maa'un, inawalaumu wanaozuia maa'un, na Ibn Mas'ud (r.a.) alilifafanua neno hilo kuwa ni vitu ambavyo majirani huazimana: ndoo, chungu, shoka. Kitu ambacho hakikupungukii, ukimnyima jirani, unahesabiwa pamoja na wanaopuuza Swala zao. Pia Mtume (s.a.w.) amekataza kuzuia maji ya ziada kwa lengo la kuwanyima watu malisho. Wenzetu wafugaji wa Ngorongoro hawahitaji kufasiriwa hadithi hii. Wanajua kiangazi kikikaza kuwa anayeshika kisima ameshika pia nyasi zote zinazokizunguka, kwani ng'ombe hawezi kulisha mahali asipopata maji ya kunywa. Basi kompyuta inayokaa bure usiku kucha, si ni ndoo ya jirani? Si ni kisima?

Hapo ndipo nilipokosea. Shoka ukiliazima linarudi, na jioni unapasua kuni zako. Lakini kompyuta inayohesabu si sawa na kompyuta iliyozimwa. Mashine ya mtumba kama ile, ikikazwa usiku na mchana, yaweza kula wati 100. Zidisha kwa saa 24, kisha siku 30: ni yuniti 72 kwa mwezi. Katika bei za umeme zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa hadi yuniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na anayevuka hapo hulipa bei kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, mashine peke yake inaweza kumaliza karibu fungu zima la nyumba ya mnyonge, na friji ya mjane ikafanya kazi kwa bei ya juu. Kijana alijitetea kuwa mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Karatu inapouma, mashine hupasha chumba joto. Mama hakucheka.

Kwa hiyo alichokiita ziada hakikuwa ziada, na kingekuwa ziada kisingekuwa chake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuanza na wale tunaowajibika kuwalisha. Na mtu hatoi sadaka kutoka mfuko wa mwenzake, hata kama anayepelekewa ni mgonjwa na anayetoa ana machozi ya huruma.

Nalisema hili kwa sababu halihusu nyumba ile tu. Shule na madrasa zetu nyingi zimepewa kompyuta na wafadhili kwa ajili ya wanafunzi. Mwalimu anayependa mambo haya anaweza kushawishika kuziacha zikihesabu usiku. Zile ni amana, na nyingine ni wakfu wenye sharti lake. Huko Georgia, Marekani, mfanyakazi wa chuo cha ufundi aliyeweka programu ya aina hii kwenye kompyuta za chuo alishitakiwa, na kesi ikaisha Januari 2002 kwa muda wa uangalizi, fidia ya dola 2,100 na saa 80 za kazi za jamii. Mashitaka yale wengi waliyaona makali, nami nayaona makali. Lakini kuomba ruhusa kwa kamati kungemgharimu nini?

Lipo pia la alama. Miradi hii humhesabia kila mshiriki pointi, na watu hushindana kwa majina na kwa nchi. Kijana wangu alikiri kuwa kabla ya Swala ya Alfajiri alikuwa akitazama kwanza amepanda nafasi ngapi.

Tulikaa watatu, mama, mwana na mimi, na kwanza nikamwomba mama radhi. Nikawasimulia hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kuhusu mke anayetoa sadaka chakula cha nyumbani bila kuharibu: yeye hupata ujira wake, mume aliyekichuma hupata wake, na mtunza ghala vilevile, bila mmoja kumpunguzia mwenzake. Mama alisikiliza, kisha akauliza mashine ile inatafuta dawa ya nini hasa. Kijana akaeleza kwa dakika kumi, akichora protini kwenye bahasha. Wakakubaliana iwashwe usiku mbili kwa juma, yuniti zake anunue yeye kwa pesa ya simu, na friji isiguswe.

Juma la tatu kijana hakuwa na kazi, pesa ya yuniti hakuwa nayo, na mashine ikazimwa. Jumamosi asubuhi mama alinunua LUKU, akaingiza namba mwenyewe, akamwambia: "Washa. Lakini usiku wa leo nia ni yangu."