Mbwa wa Pili

Mbwa wa nyumbani akifa, msomaji, huzuka swali lisilo jepesi kama linavyodhaniwa: aletwe mwingine lini? Wako wasemao aletwe kesho. Wako wasemao kufanya hivyo ni kumvunjia heshima aliyekufa. Naona pande zote mbili zinahesabu siku, na siku sizo zinazopasa kuhesabiwa.

Kwanza tuiondoe dhihaka. Watu wengi humcheka kijana anayemlilia mbwa, kana kwamba machozi yake ni ya kitoto. Huzuni hii si ya jana. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn katika Ujerumani, lilivumbuliwa kaburi la miaka ipatayo 14,000, ambamo mwanamume na mwanamke walizikwa pamoja na mbwa mchanga. Meno ya mbwa yule yanaonyesha kuwa aliugua sana kwa majuma kadhaa, na wataalamu waliyoyachunguza wanaamini kuwa aliuguzwa na watu, maana peke yake asingaliishi muda ule. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Alitunzwa kwa nini, basi, ikiwa hakupendwa?

Lakini huzuni, ingawa ni ya haki, haina idhini ya kutawala kila jambo. Fikiri jamaa wafugao mbuzi katika Laikipia, mahali penye fisi. Mbwa wao, Simba, amekufa Jumatatu. Ijumaa baba anarudi na mbwa mwingine. Binti yake anaona uchungu: "Baba, hata udongo haujakauka!" Baba anamjibu, "Mwanangu, fisi hawakai matanga."

Mimi simlaumu baba huyu. Zizi halina subira. Kosa, likitokea, litaanza siku watakapomwita mgeni huyu Simba, wakamtaka aijue njia ya malishoni aliyoijua Simba, na asipoijua wakampiga. Hapo mnyama asiye na hatia anaadhibiwa kwa sababu yeye si mwingine. Naye binti, hata akingoja mwaka mzima kisha akatafuta mbwa wa rangi ile ile ili ajidanganye kuwa Simba amerudi, atakuwa ametenda dhuluma ile ile kwa utaratibu zaidi. Aliye tayari ni yule awezaye kumtazama mbwa mpya akampa jina lake mwenyewe, akangoja kuona tabia zake ni zipi. Wengine huweza hayo kwa juma moja. Wengine hawawezi kabisa, na si aibu.

Ziko pia sababu za kungoja zisizotoka moyoni. Mbwa aliyekufa kwa ugonjwa wa kuhara damu uitwao parvo huacha virusi katika udongo wa uani, navyo huweza kudumu mwaka au zaidi. Kumleta hapo mtoto wa mbwa asiyechanjwa ni kumleta mautini. Afadhali mbwa mzima mwenye chanjo kamili. Muulize daktari wa mifugo kabla hujamuuliza muuzaji.

Nawe usomaye katika shule ya bweni, kumbuka kwamba mbwa huweza kuishi miaka kumi na zaidi. Ukimtamani mwezi wa Desemba, jiulize nani atakayemlisha mwezi wa Februari. Ikiwa ni mama yako, basi kamwombe yeye shauri kwanza, kwa kuwa mbwa huyo atakuwa wake.