Na Leo Mwana Kaoza

Kijana mmoja wa Tanga aliombwa na shangazi yake atunge shairi la kughaniwa kwenye harusi ya binti yake. Shangazi hakutaka makubwa: atajwe tu kwamba leo anamwoza mwanawe.

Kijana akashika kalamu, lakini hakuanza na la kusema. Alianza na vina. Upande mmoja wa karatasi akapanga maneno yanayoishia kwa -ni, upande wa pili yanayoishia kwa -za: pendeza, tuliza, liwaza, poza, ongoza, oza. Haikumchukua muda, na mtego uko hapo hapo. Kiswahili ni karimu mno kwa vina. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na viambishi humalizia kazi: tia -ni upate moyoni, nyumbani, baharini, geuza vitenzi viwe vya kutendwa, -wa zitamiminika mpaka uchoke. Ndiyo maana kuna mashairi mengi, na nyimbo nyingi za redioni, yenye vina safi yasiyosema kitu.

Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa kila kipande. Kipande cha pili kijana alikiandika: mama leo mwana kaoza. Akahesabu kwa vidole, tisa. Angeondoa "leo" akaandika "mama mwana kamuoza", mizani ingetimia na maana ingetulia. Lakini "leo" aliipenda. Akamtoa mama, akachomeka "na": na leo mwana kaoza. Nane kamili, na kina cha -za kimekaa mahali pake. Akaridhika.

Siku ya shughuli mghani alikuwa na sauti nzuri, kila neno likasikika. Alipofika pale, bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza, "Kaoza tangu lini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi harusi akajifunika mtandio. Shangazi alimsubiri kijana mlangoni: "Mwanangu, nilikuomba unitaje. Umenifuta mimi, ukamwacha mwanangu anaoza!"

Malenga wana ruhusa zao za zamani: inkisari ya kufupisha neno, mazda ya kulirefusha, tabdila ya kulibadili. Amri Abedi aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alikuwa mtetezi mkali wa vina na mizani, lakini hakuna ruhusa inayomfuta mwenye kuoza akabaki mwenye kuozwa peke yake. Na anayebanwa na vina kiasi hicho halazimiki kuvibeba. Mshairi Kezilahabi aliviacha katika diwani yake Kichomi, 1974, akalaumiwa sana, lakini alichotaka kusema kilieleweka.

Wewe unayetunga, andika kwanza kwa maneno ya kawaida unachotaka kusema, ndipo utafute kina. Kisha mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti kabla ya siku ya shughuli, hasa ule mshororo uliokuja wenyewe bila jasho.