Sarafu za dharura na deni la mtoaji

Hebu tujiulize: thamani ya sarafu imo katika madini yake, au katika neno la aliyeitoa?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani wengi walificha sarafu zao za fedha, nayo serikali ikahitaji nikeli na shaba kwa ajili ya silaha. Chenji ikaadimika madukani. Ndipo miji, wilaya na hata viwanda vilipoanza kutoa sarafu zao vyenyewe, za zinki na chuma, zilizoitwa Notgeld, yaani fedha za dharura. Zilitumika katika eneo la aliyezitoa tu.

Hata hapa kwetu yalitokea. Waingereza walipokuwa wameziba njia ya bahari, utawala wa Kijerumani ulitengeneza sarafu Tabora mwaka 1916: heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Mwenye dhahabu alibaki na dhahabu yake. Mwenye shaba alikuwa akitegemea neno la mtawala aliyekwisha ondoka.

Zinki peke yake si dhuluma. Kibarua aliyelipwa sarafu ya zinki akanunulia mkate, na mwuza mkate akabadilishiwa na manispaa, wote walipata haki yao. Tatizo ni pale mtoaji anapotamani ahadi yake isirudi mlangoni kwake.

Na hilo lilitokea. Baada ya vita miji mingi ya Ujerumani ilichapisha noti za dharura zenye picha za kupendeza, zikawalenga wakusanyaji. Muda wake ulikuwa mfupi, na kila noti isiyorudishwa ilikuwa faida ya mji. Mwaka 1922 serikali ikapiga marufuku.

Atasema mtu: mkusanyaji alinunua kwa hiari, nani kadhulumiwa? Ni kweli, yeye alinunua picha. Basi iuzwe kama picha. Ukishaandika kwamba utalipa, umejifunga, na kuombea mdai wako asahau ni kupungukiwa uaminifu, hata kama yeye halalamiki.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kila atoaye tiketi, vocha au stakabadhi na ajiulize: mwenye nayo akibisha hodi leo, nitamlipa kwa moyo mkunjufu, au nitamwonyesha maandishi madogo ya nyuma?